Waya wa spika: msamiati wa kutandaza nyaya za sauti katika nyumba inayojengwa

waya wa spika nm. (ngeli ya U–ZI, wingi *nyaya za spika*). Waya unaopeleka ishara ya umeme iliyokwisha kukuzwa kutoka kwenye amplifaya hadi kwenye spika, ambayo huigeuza kuwa sauti.

Msamiati wa kazi hii umo tayari katika Kiswahili cha mafundi, na hakuna haja kubwa ya kubuni maneno mapya. Kinachomsumbua mfasiri wa miongozo na mwalimu wa ufundi ni kwamba maneno kadhaa ya kila siku hubeba vitu viwili au vitatu ambavyo kazi yenyewe huvitenganisha. Ana kwa ana jambo hilo halina madhara, kwa kuwa mwenye nyumba humwonyesha fundi kwa kidole. Katika maandishi kidole hakipo. Tena nyumba nyingi za mijini Afrika Mashariki hujengwa kwa matofali ya saruji: paipu za nyaya hufukiwa ukutani, kisha ukuta hupigwa lipu na kupakwa rangi. Kosa lililozaliwa na neno lenye maana mbili hugunduliwa siku spika zinapotolewa kwenye maboksi yake, na kulirekebisha ni kushika nyundo na tindo na kutindua ukuta uliokwisha kumalizika.

Waya, kebo na uzi

Neno *waya* limetoka katika Kiingereza, lakini limekaa katika Kiswahili kama mwenyeji. Silabi yake ya kwanza ilifanana na ile ya *wayo*, *wakati* na *waraka*, likapokewa katika ngeli ya U–ZI na kupewa wingi wa *nyaya*, kwa mfano wa *nyayo*, *nyakati* na *nyaraka*. Umbo la I–ZI, *waya hii, waya hizi*, husikika sana, hasa nchini Kenya. Husikika pia *mawaya*, kwa kawaida pale msemaji anapotaja rundo linalomkera: “Ondoa mawaya yako mlangoni.” Katika maandishi rasmi *waya huu, nyaya hizi* ndilo umbo la kushika, na lililo muhimu zaidi ni kutochanganya maumbo katika hati moja.

Ugumu huanza inapotajwa idadi. Chukua agizo hili:

“Pitisha nyaya mbili kutoka kwenye kabati la televisheni hadi ukuta wa nyuma.”

Fundi mmoja atapitisha kebo moja yenye nyaya mbili ndani yake, naye atakuwa ametii agizo neno kwa neno. Mwingine atapitisha kebo mbili, kila moja ikiwa na nyaya mbili, na atakuwa ametii vilevile. Kazi ya kwanza inatosha spika moja tu, kwa sababu kila spika huhitaji njia ya kwenda na njia ya kurudi. Mwenye nyumba aliyetaka spika mbili nyuma ya kochi atajua hivyo baada ya lipu kukauka.

Inapendekezwa kugawa kazi kati ya maneno matatu. *Kebo* (I–ZI) iwe kitu kizima chenye ganda la nje. *Waya* uwe kila kipitishi kimoja chenye ganda lake. *Uzi* uwe kila unywele wa shaba unaoonekana waya unapochunwa. Agizo la juu litasomeka: “Pitisha kebo mbili, moja kwa kila spika, kila kebo iwe na nyaya mbili.” Sentensi ni ndefu kidogo, lakini haina tafsiri ya pili. Kwa mgawanyo huohuo, *waya wa uzi mmoja* ni ule mgumu unaotumika mara nyingi katika umeme wa nyumba, na *waya wa nyuzi nyingi* ni ule laini ambao kwa kawaida ndio wa spika.

Neno *mkongo*, lililozoeleka Tanzania kutokana na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, halifai hapa. Limejiwekea mipaka kwenye miundombinu mikubwa, na “mkongo wa spika” utamfanya msomaji atabasamu.

Nyuzi zikichomoza na kugusana kwenye ncha za spika, waya *hupiga shoti*. Mtu akigusa waya wenye umeme, *hupigwa shoti* au *hupigwa na umeme*. Kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa hapa hubeba tofauti kati ya hitilafu ya chombo na ajali ya binadamu, na mfasiri aliyeandika “waya umepigwa shoti” amechanganya mambo mawili. Nyaya za spika zikipiga shoti, amplifaya inaweza kuungua.

Waya wa mbili na nusu

Fundi akiomba dukani “waya wa mbili na nusu” au “wa moja na nusu”, anataja eneo la mkato wa shaba kwa milimita za mraba. Hataji kipenyo. Tafsiri nyingi hukosea hapa, zikaandika “waya wenye kipenyo cha milimita 2.5”. Waya wa milimita za mraba 2.5, ukiwa wa uzi mmoja, una kipenyo cha milimita 1.8 hivi. Wenye kipenyo cha milimita 2.5 una eneo la karibu milimita za mraba 4.9, yaani shaba karibu maradufu na bei inayofuata. Iandikwe *milimita za mraba 2.5*, au *eneo la mkato la mm² 2.5*.

Ukubwa huo si suala la mapambo. Shaba ina ukinzani, na ukinzani huongezeka kadiri waya unavyorefuka na kupungua kadiri unavyonenepa. Kebo ya mita 20 ina njia ya shaba ya mita 40, kwenda na kurudi. Ikiwa nyaya zake ni za mm² 1.5, ukinzani wa njia nzima ni karibu omu 0.46, zikiwa za mm² 2.5, ni karibu omu 0.28. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba ukinzani wa kebo usizidi asilimia 5 ya omu za spika. Kwa spika ya omu 8 kikomo ni omu 0.4: waya wa moja na nusu umeshindwa na wa mbili na nusu umefaulu. Spika ikiwa ya omu 4, kikomo hushuka hadi 0.2, na kwa umbali uleule itabidi kununua waya wa mm² 4.

Miongozo ya Marekani haitumii milimita za mraba. Hutumia *geji*, ambamo namba ikiwa kubwa waya huwa mwembamba: geji 14 ni karibu mm² 2.1, na geji 16 ni karibu mm² 1.3. Mwalimu hana sababu ya kuhangaika kulieleza jambo hili, kwa kuwa yeyote aliyewahi kuezeka nyumba analijua kutoka kwenye mabati: bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30. Mizani hizo mbili hazilingani kwa vipimo, lakini zinaelekea upande mmoja, na mfano huo hufahamika darasani mara moja. Mfasiri atoe namba zote mbili, geji na milimita za mraba, kwa sababu duka la vifaa vya umeme la Mwanza au la Nakuru litajibu swali la pili na si la kwanza.

Neno *ukinzani* lihifadhiwe kwa waya. Kwa zile omu 8 zinazochapwa mgongoni mwa spika litumike *impedansi*, ingawa halipendezi sikioni. Sababu ni ya vitendo: impedansi ya spika hubadilika kulingana na wembamba au uzito wa sauti inayopita, na kipimo cha kawaida cha fundi kikiwekwa kwenye spika ya omu 8 husoma pungufu, mara nyingi karibu omu 6. Mwanafunzi aliyeambiwa “ukinzani wa spika hii ni omu 8” atapima, ataona 6, na ataitangaza spika kuwa mbovu.

Spika, kipaza sauti, sabufa

*Kipaza sauti* kimeundwa vizuri: *paa* huzaa *paza*, na *paza* huzaa *kipaza*. Lakini kinachopaza sauti ni nini? Katika “mgeni rasmi alikabidhiwa kipaza sauti” ni kile kinachoshikwa mkononi na kuzungumziwa. Katika “vipaza sauti vya msikiti” ni vile vilivyoelekezwa nje kutoka mnarani. Wapo pia wanaokiita hivyo kile chombo cha katikati kinachokuza ishara. Hivyo neno moja limetanda juu ya mnyororo mzima, mwanzo, kati na mwisho, na agizo la “kupitisha waya wa kipaza sauti” halimwambii fundi chochote cha uhakika. Kebo ya chombo cha kuzungumzia hupitisha ishara dhaifu mno na huhitaji kufunikwa kwa wavu wa kuzuia mwingiliano. Kebo ya spika hupitisha ishara yenye nguvu na huhitaji shaba nene. Moja haiwezi kufanya kazi ya nyingine.

Katika maandishi ya ufundi, basi, tumia *spika* kwa kinachotoa sauti, *amplifaya* kwa kinachoikuza, na *maikrofoni* kwa kinachoipokea. *Kipaza sauti* kibaki katika habari na hadithi, ambako muktadha hukisaidia.

*Spika* nalo lina pacha wake bungeni, ila sarufi imekwisha kuwatenganisha. Spika wa Bunge hufuata upatanisho wa viumbe: *Spika ameahirisha kikao*, wingi wake ni *maspika*, kama inavyosikika Kenya wanapotajwa maspika wa mabunge ya kaunti. Spika ya sauti hufuata I–ZI: *spika imekoroma, spika zimekoroma*. Anayeandika “spika wa sebuleni” amempa kiongozi makazi mapya.

*Sabufa* limekwenda mbali zaidi. Kitaalamu ni spika ya sauti nzito tu. Mitaani, Tanzania na Kenya, ni seti nzima: boksi kubwa, spika ndogo zinazolizunguka na mara nyingi redio iliyomo ndani. “Nimenunua sabufa” ni kauli ya seti. Katika mpango wa nyumba maana hizo mbili huleta hesabu tofauti. Mfumo unaoitwa *tano nukta moja* una spika tano na sabufa moja. Nukta hiyo haina uhusiano na desimali. Spika tano huhitaji kebo tano za spika. Sabufa, ikiwa ni ya aina yenye amplifaya yake ndani, huhitaji kebo ya ishara ya aina nyingine na soketi ya umeme karibu nayo. Fundi aliyeelewa “sabufa” kuwa seti nzima ataacha soketi moja kwenye kona na kudhani amemaliza. Andika *spika ya sauti nzito (sabufa)* mara ya kwanza, kisha *sabufa*.

Kutandaza, kusuka, kuvuta, kufunga

Kitenzi rasmi cha kazi yenyewe ni *kutandaza nyaya*. Mafundi wa Tanzania husema pia *kusuka nyaya* au *kusuka umeme*, na tamathali hiyo ina haki yake: nyaya za nyumba nzima, zenye kuanzia sehemu moja na kusambaa vyumbani, hufanana kweli na msuko. *Kusuka* lakini huashiria mfumo mzima, hivyo kwa kebo moja moja *kupitisha* ndicho kitenzi sahihi: “Kebo ipitishwe ndani ya paipu yake.”

*Kuvuta* kuna mtego. *Kuvuta umeme* ni kuuleta kutoka kwenye nguzo hadi nyumbani, kazi ya shirika la umeme. *Kuvuta waya* ndani ya paipu ni kuutoa upande wa pili kwa kamba au waya mgumu wa kutangulizia. Ikitajwa paipu, maana hutulia.

*Kufunga* ndicho kitenzi cha kuweka chombo mahali pake pa kudumu, na ndicho kilichozaa *ufungaji umeme*, msemo wa leseni ambazo mafundi wa Tanzania hupewa na EWURA. Hata hivyo, kwa wasemaji wengi *kufunga redio* ni kuizima, na *kuifungua* ni kuiwasha. “Funga spika kabla ya kuondoka” inaweza kumpandisha mtu ngazi na bisibisi mkononi, au kumfanya abonyeze swichi tu. Kwa maana ya pili tumia *zima*, na kwa ya kwanza taja mahali: *funga spika ukutani*.

Kuhusu umeme wenyewe, Kenya husema *stima* pale Tanzania inaposema *umeme*. Neno *stima* lilianza na meli za mvuke kabla ya kuhamia kwenye taa. Katika hati itakayosomwa nchi zote mbili *umeme* linaeleweka kila mahali.

Kabla ya lipu

Miongozo mingi inayotafsiriwa iliandikwa Marekani Kaskazini, ambako kuta za nyumba nyingi ni fremu za mbao zilizofunikwa mbao za jasi. Humo fundi huambiwa atoboe nguzo za mbao, apitishe kebo kwenye matundu, na aifunge kwa vikwachu kabla ukuta haujazibwa. Kutafsiri maelekezo hayo neno kwa neno ni kumwandikia msomaji kuhusu nyumba ambayo hana. Katika ukuta wa matofali hakuna uwazi wa kupitisha kitu. Mfasiri anayestahili ujira wake atahamisha hatua pamoja na maneno: tofali zikishapanda na kabla ya lipu, ukuta hutinduliwa mfereji kwa tindo, paipu hulazwa ndani yake, boksi la chuma au plastiki hukazwa mwishoni, kisha lipu hufunika vyote isipokuwa mdomo wa boksi. Pale paipu inapopita ndani ya zege la ghorofa, hulazwa juu ya nondo au kati yake kabla zege halijamwagwa, na kosa la hapo halina tindo la kulitibu.

Kwa hiyo *kabla ukuta haujazibwa* katika matini chanzi huwa *kabla ya kupiga lipu* au *kabla ya kumwaga zege*, kutegemea mahali. Kwa spika za juu, wakati wa kazi ni baada ya kenchi kusimama na kabla ya dari kufungwa. Neno *dari* lenyewe liangaliwe: *darini*, kwa wasemaji wengi, ni kule juu ya dari, mahali pa kuhifadhia vitu. “Spika ya darini” inaweza kueleweka kuwa ipo huko gizani pamoja na masanduku. *Spika ya kuzamishwa kwenye dari* hueleza kwamba uso wake unatazama chini, chumbani.

Paipu ya nyaya za spika haichanganywi na ya umeme, kwa sababu mbili ambazo mwongozo uzitaje zote. Ganda la kebo ya spika kwa kawaida halikutengenezwa kustahimili volti za umeme wa nyumba. Aidha, umeme wa nchi zetu, wenye hetsi 50, unaweza kuingiza mvumo katika nyaya za sauti zilizo jirani, hasa zile za ishara dhaifu. Miongozo mingi hupendekeza nafasi ya sentimita 30 hivi pale njia mbili zinapofuatana, na kwamba zikilazimika kukutana zikatane kwa pembe mraba. Hapa *kufuatana* ni bora kuliko *kwenda sambamba*, kwa sababu *kuunganisha sambamba* kuna kazi nyingine: spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba, amplifaya huona omu 4; zikiunganishwa kwa mfululizo, huona 16. Msomaji asiletewe *sambamba* ya ukutani na *sambamba* ya hesabu katika ukurasa mmoja.

Nyekundu na nyeusi

Nyaya mbili za kebo ya spika mara nyingi hutofautishwa kwa rangi nyekundu na nyeusi: nyekundu kwa ncha *chanya*, nyeusi kwa ncha *hasi*. Zikibadilishwa kwenye spika moja tu kati ya mbili, hakuna kinachoungua, ila sauti nzito hupwaya na mwimbaji hasikiki tena katikati. Hilo ni dogo.

Kubwa ni kwamba rangi hizohizo, katika viwango vya zamani vya Uingereza vilivyorithiwa Afrika Mashariki, ni za umeme wa nyumba: nyekundu ni laivu, nyeusi ni nyutro. Viwango vipya hutumia kahawia na bluu, lakini nyaya za zamani bado zimo katika kuta nyingi, na mazoea ya zamani yamo katika mikono mingi. Fundi wa pili anayefika miezi kadhaa baadaye akakuta waya mwekundu na mweusi zimechomoza kwenye boksi ana sababu nzuri ya kudhani ni soketi isiyomalizika. Akiziunga na umeme, upande wa pili wa kebo utakuwa na volti 230 mahali ambapo mtoto ataona vyuma viwili vitupu nyuma ya spika. Ndiyo maana mwongozo haupaswi kusema “waya mwekundu” peke yake. Useme *waya mwekundu wa kebo ya spika*, uagize kila boksi la spika liandikwe SPIKA kwa wino usiofutika kabla ya lipu, na ukataze kabisa kutumia soketi au plagi za umeme kwa spika, hata kama ndizo zilizobaki stoo.

Maandishi ya boksini yataje pia chumba na upande. Hapo lugha ina mzaha wake mdogo: *spika ya kulia* ni ya mkono wa kuume, na *kulia* ndiyo kazi ya kila spika. “Spika ya kulia hailii” ni sentensi sahihi, lakini kwenye kibandiko andika *upande wa kulia*, na ueleze kwamba ni kulia kwa mtu aliyeketi akiitazama televisheni.